Kiti cha Samaki wa Bibi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma chuoni mpaka nahau na mirathi, na hata leo naweza kukugawia minazi ya marehemu bila kumdhulumu mrithi, lakini Mungu hakunijaalia kupenda jua. Bagamoyo ya siku zile ilijaa wanaume waliokwenda Ujiji na kurudi na mizigo mabegani. Safari yangu ndefu ilikuwa ya Zinga, hapo jirani tu, nikarudi siku ya pili, nikakandwa miguu.

Kwa hiyo bibi wa mke wangu alipotaka kiti cha samaki wake, nami nikasema nitakiunda mwenyewe, mke wangu aliacha kukuna nazi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Subhanallah," akasema, akaendelea kukuna.

Bibi alikuwa na desturi ya kwenda kisimani kila asubuhi kuwatupia samaki machicha. Samaki wa kisima hawaliwi. Huwekwa humo ili kula viluwiluwi, maji yabaki safi. Yeye aliwapenda kuliko wajukuu zake, na hakuficha. Mwaka ule miguu ilimkatalia, akawa mtu wa kitandani. Hakulalamika, ila sahani aliisukuma kando, na mchana kutwa aliutazama ukuta. Mke wangu akaogopa. Akaomba samaki watatu kwa mwenye kisima, tukawatia katika chupa pana ya kioo, kubwa kama mtungi, iliyokuwa ya peremende dukani kwa Mhindi. Tukaiweka sakafuni kando ya kitanda. Bibi akajivuta hadi ukingoni, akainama mara moja, mara ya pili, ya tatu akachoka.

"Mume wangu," akaniambia, maana kwa utani wa bibi na wajukuu mimi nilikuwa mumewe na mke wangu mke mwenzake, "umeniletea samaki au umeniletea harufu yao?"

Hapo ndipo alipotaka kiti cha kuiinulia chupa. Chupa ile ikijaa maji iliinuliwa na watu wawili wakiguna. Kiti chake hakikuruhusiwa kuyumba, maana chupa ingemwangukia Bibi kitandani, vigae kwa maji. Nikaenda kwa jirani yetu seremala kuazima msumeno, patasi na keekee ya kutobolea. Akanigeuza viganja kama anayenunua embe.

"Bwana, hivi vimewahi kushika nini zaidi ya kalamu?"

"Kijiko."

"Hicho naamini."

Nilikuwa na vipande vya boriti za mkoko vilivyobaki tulipojenga paa. Mti unaobeba paa ungeshindwaje na samaki watatu? Nililojua baadaye ni kwamba mkoko mkavu haukatwi, unabembelezwa. Miguu minne ilinichukua siku mbili na ngozi ya vidole viwili. Seremala akawa anapita dirishani kila adhuhuri.

"Unaunda kiti au gereza?"

"Kiti."

"Nani anakuja kukalia, tembo?"

Kipimo ndicho nilichojivunia. Fundi angepima kitanda. Mimi niliyesoma nikapima jicho. Nilimwomba Bibi alale kama alalavyo, nikashusha uzi kutoka usawa wa jicho lake hadi sakafuni, nikapiga fundo. Kamba za kitanda chake zilikuwa zimelegea kwa miaka, naye amezama katikati kama yai katika kiota. Kiti nikakikata kwa uzi ule, chupa ikae mbele ya jicho barabara. Kisha, ili kisitikisike abadani, nikaichimbia miguu yake sakafuni, nikashindilia udongo na chokaa.

Siku ya kutia maji ilikuwa Ijumaa. Majirani wangekuja kumjulia hali Bibi, na mke wangu akaona haya: wamkute amelala kwenye wavu? Kwetu kitanda cha mgonjwa huwambwa upya kabla ya wageni. Basi nilipokuwa msikitini, akamwita mtu akazikaza kamba zote, kitanda kikawa kama ngoma. Mimi nilirudi na seremala, tukaiweka chupa, tukajaza maji, tukatia samaki. Kiti hakikutoa hata mlio. Nikasimama nangoja sifa.

"Wako wapi?" Bibi akauliza.

"Si hao hapo, Bibi."

"Hapo naona mdomo wa chupa."

Nikautoa uzi, nikapima tena. Jicho la Bibi lilikuwa limepanda shubiri nzima.

Mke wangu akaziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Seremala akakizunguka kiti, akakisukuma kwa goti.

"Kiti hakina kosa, bwana. Aliyezidi ni Bibi." Kisha akasema tuiinue chupa, tupachike mbao chini yake.

"Asiguse mtu!" Bibi akafoka. "Kimesimama, kisimame. Sitaki kufa kwa kuangukiwa na kisima."

Akageukia ukuta. Mke wangu akaacha kucheka. Mimi nikaitazama ile miguu niliyoizika kwa mikono yangu, isiyong'oka ila kwa shoka.

"Mume wangu," Bibi akasema bila kugeuka. "Kitanda hiki nani kakiwamba?"

"Mke mwenzio."

"Mgongo wangu unamshukuru. Sasa kilegeze."

"Lakini Bibi, mgongo..."

"Mgongo hauna macho. Legeza."

Nikapiga magoti upande wa miguuni, zilipofungwa kamba, nikafungua fundo. Mke wangu akamshika kichwa. Nikaachia kamba kidogo, Bibi akashuka kidogo.

"Tena. Tena. Polepole, unanizika?"

Nikaachia tena, viganja vikiniwaka.

"Ngoja."

Samaki mmoja alikuwa amekuja hadi kwenye kioo, akasimama pale akichezesha mapezi. Bibi akamkazia macho.

"Funga hapo hapo," akasema. "Na mtoke nje nyote, mnanizibia mwanga."