Ami Alipokuja Kutaka Radhi

Nilisikia kikohozi cha baba kikitoka nje ya mlango, na baba mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu. Kilikuwa kile kile: kikavu, mara mbili, kisha kimya, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Baba akakunja ngumi juu ya goti.

"Soma," akasema. "Usifungue kwanza."

Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye flati yetu ya Edmonton, Landani. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na majira yote ya baridi nilikuwa nikimsomea lile shairi refu la kale la Kiitaliano, la mtu anayeshuka motoni akiwa hai, kisha akapanda mlima wa toba mpaka akaiona pepo. Nilikuwa nalo kwa Kiingereza, nikimgeuzia kwa Kiswahili papo hapo. Wenzangu waandishi walibishana juu ya vina vyake. Baba alitaka kujua jambo moja tu: nani kawekwa wapi. Alipojua kwamba mshairi alifukuzwa mji wake, na maadui zake akawatia motoni kwa majina yao, alicheka mpaka akapaliwa. Pahala mshairi alipomkosea adabu Mtume nilimwambia sipasomi. "Usipasome," akasema. "Hilo atalijibu mwenyewe."

Tulipofika chini kabisa hakutaka tuendelee. Huko hakuna moto. Kuna ziwa lililoganda, na ndani yake wamekwama waliowasaliti ndugu zao.

"Kumbe chini ya Jahannamu ni Landani," alisema siku ile. Lakini kila nilipotaka kuuanza mlima alinirudisha. "Bado. Tukae hapa hapa kwenye barafu."

Nilijua anamtafuta nani mle. Baada ya Mapinduzi, watu wenye bunduki walipokuja kumsaka baba, mdogo wake ndiye aliyewaonyesha dari alimojificha. Baba akafungwa. Alipotoka akaja huku, na hawakusemezana tena. Sasa ami alikuwa safarini kwenda Makka, amepitia kwa binti yake Landani, na mtu haendi kuhiji bila kutaka radhi kwa aliowakosea.

Nilifungua mlango. Mwili wake ulikuwa mdogo ndani ya koti la kuazima.

"Asalaam aleikum, kaka."

Baba akaitikia, maana salamu haiachwi hewani. Akamwonyesha kiti.

"Mwanangu, msomee ami yako yule anayeomba."

Sikutaka, lakini nilisoma. Mtu amezama barafuni, machozi yamemgandia machoni hata kulia hawezi. Anamsihi msafiri amtoe ile barafu. Msafiri anaahidi. Akisha kusikia aliyotaka kuyasikia, anamwacha vile vile.

"Hakumtoa?" ami akauliza.

"Hakumtoa," baba akajibu.

Hita ikagonga ukutani. Ami alikuwa akilitazama zulia. "Sikuja na udhuru, kaka. Niliogopa, basi."

"Hata mie niliogopa. Lakini mle darini nilijipa moyo. Nikasema, mdogo wangu yuko chini."

Chai niliyoitenga hakuna aliyeigusa. Mwishowe ami akasimama. Vidole vyake havikuyazoea makoti. Kifungo cha juu kilimshinda. Baba akainuka, akapapasa mpaka akakipata, akamfungia, kama bila shaka alivyokuwa akimfungia kanzu walipokuwa watoto wakienda chuoni kusoma Kurani.

"Ukifika huko, sema uliniomba."

"Na nikiulizwa ulinijibu nini?"

Mkono wa baba ulikuwa bado kolani mwa ami. Nikaona midomo yake ikifunguka, nami nikalisubiri lile neno moja, kama nilivyolisubiri tangu baridi ilipoanza.

"Nje baridi," akasema. Akamsindikiza mpaka kizingitini, na mlango akaufunga mwenyewe, polepole.