Moto Haulazwi na Watu

Nilipokuwa darasa la tatu tuliishi Mjimwema, Njombe, kwenye mtaa ambao watu wakitaka kuusifu walisema, "Pale unaweza kulea watoto." Ilikuwa kweli. Nyumba kumi na moja, uzio wa michongoma uliokatwa sawasawa, na barabara ya vumbi ambayo gari lilipita asubuhi na jioni tu, sisi tukicheza rede katikati yake bila mtu kutuita ndani. Jirani hakumpandishia jirani sauti. Mbwa, nikikumbuka vizuri, walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mzee.

Nasema nikikumbuka vizuri kwa sababu katika jambo hili sijiruhusu kukosea tena.

Bibi, mama yake baba, alitoka kijijini kwake Yakobi kuja kukaa nasi baada ya babu kufariki. Alikuja na godoro lake, jembe ambalo hakuwa na pa kulilimia, na mwiko mmoja: moto wa mkaa haulali ndani ya nyumba. Anayeijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba ataelewa uzito wa mwiko huo. Baridi ile huyageuza majani ya viazi yakawa meusi kama yaliyounguzwa. Kila nyumba ya mtaa wetu, ugali ukishaiva, jiko liliingizwa chumbani, mlango ukafungwa, tambara likasokomezwa chini ya mlango. Kwetu Bibi alilibeba jiko hadi kibarazani, akayafukia makaa kwa majivu, akaliambia kwa Kibena lilale huko huko. Kisha aliacha dirisha wazi upana wa kidole.

"Mama, utatuua na baridi," baba alilalamika.

"Baridi inaua kwa kelele," Bibi alimjibu. "Unatetemeka, unaamka, unajifunika. Moto hauamshi mtu."

Jumamosi moja mchana, Mama Upendo wa nyumba ya pili alikuja kuomba makaa ya kuwashia. Mgongoni alimbeba Imani, mtoto wa miezi mitatu. Upendo, binti yake mkubwa, alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namenya viazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Huyo mdogo analala wapi?"

"Kwangu. Jiko letu miguuni, raha mustarehe!"

Bibi aliweka chini koleo la makaa. Alisema sentensi tatu, na ninaziandika kama zilivyokuwa: "Moto haulazwi na watu. Ukiulaza ndani, moto utachukua mdogo kwanza. Utoe nje, na dirisha uache wazi."

"Eh, Bibi! Moto wenu wa Yakobi ndio una meno. Wa hapa mjini umekwenda shule!"

Mama yangu alicheka hadi akashika kiuno. Mimi pia nilicheka.

Jumanne asubuhi Imani hakuamka. Tulikuwa tumevaa sare za shule tuliposikia ukelele, tukakimbilia kule. Mama Upendo alikuwa amepiga magoti uani, anatapika na kushika kichwa. Mumewe aliketi chini akiegemea ukuta, miguu haimtii. Watu walisema ni uchungu. Upendo alikuwa salama. Alilala chumba cha peke yake, kisicho na jiko. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa wazi, nikachungulia. Kando ya kitanda niliona jiko, majivu yake meupe kabisa. Sikujua kwamba nilikuwa nimeona kitu.

Siku ya pili baada ya maziko, balozi wa mtaa alikuja kwetu na wazee wawili. Walikaribishwa chai. Walikunywa.

"Hatumtuhumu mtu," balozi alisema. "Tunatafuta amani ya mtaa. Lakini mwenzetu aliyefiwa anasema kuna maneno yalitamkwa hapa."

Mama alisema hakumbuki. Baba hakuwapo siku ile. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, na hakuna aliyemuuliza yeye.

"Muiteni mtoto," mzee mmoja akasema. "Mtoto hadanganyi."

Nilisimama mbele yao. Shuleni nilisifiwa kwa kukariri, na nilipenda kusifiwa.

"Bibi yako alisema nini kuhusu mtoto wa jirani?"

Nilijibu nilichoulizwa, bila kuongeza neno. "Alisema moto utachukua mdogo kwanza."

Mzee alivuta pumzi kwa meno. Balozi aliweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Nikamwona Bibi ananitazama. Alikuwa anangoja. Sentensi ya tatu ilikuwa kinywani mwangu, naijua neno kwa neno, lakini balozi alinishika begani akasema, "Ahsante, mwanangu. Nenda kacheze."

Nikaenda kucheza.

Hakuna aliyerusha jiwe. Hakuna aliyetamka neno mchawi mbele yetu. Watoto waliacha kutumwa kwetu kuomba chumvi, basi. Bibi akitoka kuota jua, geti la ng'ambo lilifungwa, kisha la pembeni yake, polepole, bila kishindo. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi. Upendo aliambiwa arudi ndani kila nilipotokea na mpira. Mtaa wetu ulikuwa mtulivu hata katika kumfukuza mtu.

Wiki ya tatu baba aliita bajaji. Alisema Yakobi si mbali, atakuwa anakwenda kila mwisho wa wiki. Alisema hivyo akiwa anatazama magurudumu. Godoro lilifungwa juu, jembe likaingizwa ndani. Bibi aliniita pembeni, akanifunga vifungo vya sweta ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

"Uliwaambia na la mwisho?"

"Hawakuniuliza, Bibi."

"Haya," akasema. Akaingia kwenye bajaji.

Ninachotaka kieleweke ni kilichofuata. Jiko la Mama Upendo liliendelea kuingizwa ndani kila jioni, maana aliyedhaniwa hatari alikuwa ameshaondoka. Hakufa mtu mwingine, na hilo likawa ushahidi. Kwetu, mama yangu alianza kulitoa jiko nje yeye mwenyewe na kuacha dirisha wazi upana wa kidole. Hakueleza kwa nini, wala hakwenda kumweleza mtu.

Kidato cha pili mwalimu wa kemia alitufundisha kuhusu hewa isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha, na kwamba humlewesha mtu usingizini asiweze kuamka. Akataja dalili: kichwa kuuma, kutapika, miguu kukosa nguvu. Niliziandika zote, mwandiko safi, kisha nikaomba ruhusa ya kutoka. Bibi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, Yakobi, peke yake. Watu wa Mjimwema walikuja msibani na mchele na vitenge. Balozi alisema maneno mazuri.

Sasa nina shahada na ninafanya kazi Makambako. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya uani, mtaa mwingine mtulivu wa kulea watoto. Upepo wa huku hupenya hata blanketi mbili. Mwezi wa sita uliopita alihamia chumba cha pili Mama Swaumu kutoka Singida, mume wake dereva wa lori, mtoto wao wa miezi miwili. Jioni ya tatu, jua likiwa bado juu ya mabati, nilimwona ananyanyua jiko kulipeleka ndani.

Nilisimama mlangoni kwake. Nilianza na mambo ya hewa na dirisha, yale ya kemia, akanikatiza.

"Dada, huko kwetu hatugandi hivi. Mtoto atakufa na baridi."

Basi nikamwambia zile sentensi tatu za Bibi, kwa mpangilio wake, hadi ya mwisho. Uso wake ulibadilika kwenye ile ya pili, nilijua utabadilika, sikusimama.

"Unanionya au unamwombea mwanangu mabaya?"

"Litoe jiko, Mama Swaumu. Kesho uniite jina lolote unalotaka."

Sikuondoka mlangoni mpaka alipolitoa. Alilibwaga kibarazani, makaa yakaruka, akafunga mlango kwa nguvu.

Asubuhi nilikuwa macho mapema, sikio ukutani, kama ninavyofanya sasa kila asubuhi ya baridi. Mtoto alilia. Akalia tena, sauti nzima, mapafu yote. Nilipotoka kuchota maji Mama Swaumu alikuwa uani anaanika nepi. Nilimsalimia. Alimnyanyua mtoto wake, akamfunika uso na kanga, akaingia ndani.