Kiti cha Nyuma, Kando ya Mbwa

Mwaka ule kisiwani kwetu walizikwa watu watatu, na wawili wengine wakaacha kuendesha gari, jambo ambalo hapa Norfolk ni karibu sawa na kuzikwa. Beryl aliacha kwa sababu ya macho. Olive aliacha kwa sababu ya ng'ombe, maana alimgonga mmoja mchana kweupe, naye ng'ombe wa watu alikuwa amelala. Tangu siku hiyo wote wawili wanabebwa na Thora Quintal, mwenye gari jeupe la petroli, mbwa mnene aitwaye Askofu, na moyo wa kusaidia usiomwacha mtu akapumua.

Enid aliwaona wakipita kila Jumatano, Thora kwenye usukani, abiria wake wametulia nyuma kama kuku wanaopelekwa sokoni. Akajiapiza kwamba yeye hatakuwa kuku wa tatu. Hata wamfunge kamba.

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Na Thora ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe Parkin. Wamekuwa mawifi miaka hamsini na minne, na haijapita siku mmoja akakubali kushindwa na mwenzake. Walishindana kwa pai ya nazi, wakashindana kwa watoto, na kwenye mazishi ya Parkin walishindana nani analia kwa heshima zaidi. Enid ndiye aliyeshinda, ingawa Thora atakwambia vingine.

Sasa, gari la Enid lilikuwa la kijani, ameliendesha tangu mwanawe wa mwisho bado ananyonya. Bomba la moshi lilitoboka mwaka wa ule upepo mkubwa ulioangusha misonobari, na hakuliziba. Likinguruma kule madukani Burnt Pine, sisi wa huku bondeni tulijua Enid anakuja, tukainua mkono mbele ya sinki hata kabla hatujamwona. Hapa mkono lazima uinuliwe kwa kila gari. Asiyeinua ni mgeni au amenuna. Hata jina lake lilitoka kwenye gari hilo. Katika kitabu chetu cha simu watu huandikwa kwa majina ya utani, maana akina Quintal ni wengi kama utitiri, na yeye ameandikwa Ngurumo. Wengine wameandikwa kwa vyakula na kwa wadudu. Ngurumo ni jina la kujivunia.

Lakini kutu haijui jina la mtu. Ilifika siku Enid akawa anaiona barabara katikati ya miguu yake. Akalipeleka gari kwa Selwyn, mdogo wake Parkin, ambaye ndiye fundi.

Selwyn alilala chini ya gari kwa muda, akatoka na uso mweusi. "Shemeji," akasema, "la kuvunda halina ubani."

"Sijaomba ubani. Nimeomba ulifunge."

"Nimelifunga kwa waya. Nimelifunga kwa bati. Mara ya mwisho nimelifunga kwa mkanda wangu wa suruali. Sasa suruali inaniteremka na gari bado linakufa."

"Agiza vyuma."

"Vyuma vinakuja kwa meli, na meli ikikuta bahari imechafuka inageuza na vyuma vyako ndani. Lakini hivyo vyuma vyenyewe, shemeji, havitengenezwi tena. Waliokuwa wakivitengeneza wamekufa." Akajifuta mikono. "Jirani yangu anahamia Sydney, anauza gari lake la umeme. Dogo, la bluu. Kaa nalo wiki moja. Ukilikataa, basi, Thora anasema ana nafasi."

"Amesema lini?"

"Husema kila siku."

Enid akalitazama lile gari la bluu lililoegeshwa nyuma ya karakana. Lilikuwa na sura ya mtu aliyeshiba asiye na la kusema.

"Linakwenda kilomita mia tatu kwa chaji moja," Selwyn akasema.

"Niende wapi? Kisiwa hiki hakifiki kilomita tisa. Nikizidisha natumbukia baharini."

"Nasema tu kwamba halitakuzimikia njiani."

"Na betri ikifa?"

"Betri ina dhamana ya miaka minane."

Enid akafikiri. "Mimi sina dhamana hiyo. Kwa hiyo mmoja wetu atamzika mwenzake."

"Sasa si ndiyo vizuri? Hutanunua lingine."

"Na linajifunga lenyewe milango, nimesikia. Kufunga gari hapa ni kuwaita majirani wezi."

"Nimeshalikataza hilo. Shemeji, sikiliza. Juu ya paa lako kuna zile sola za Parkin. Umeme wake unachemsha maji ambayo huyaogi yote. Utaendesha kwa jua la bure, petroli waachie wengine waigombanie meli ikichelewa."

Hapo ndipo alipoharibu. Parkin alipozipandisha zile sola, miaka miwili kabla hajafa, Enid alimsema asubuhi na jioni kwamba ameligeuza paa la mama yake kuwa meza ya chuma. Kulikubali gari lile ilikuwa ni kukubali kwamba Parkin alikuwa sahihi, naye yuko kaburini, hawezi hata kufaidi. Lakini upande wa pili wa mizani alikuwapo Thora na kuku wake. Enid akazichukua funguo, akasema ni kwa wiki moja tu, na ni kwa sababu ya kumwonea huruma Selwyn na suruali yake.

Siku mbili hakuligusa. Alilichungulia dirishani, nalo likamchungulia. Siku ya tatu Thora akapiga simu.

"Nasikia umeletewa jiko la umeme lenye magurudumu."

"Umesikia vizuri."

"Mvua ikinyesha litakurusha, wifi. Tutakukuta umekauka kama samaki wa kubanikwa."

"Wewe umesomea wapi umeme?"

"Sijasoma. Lakini sitaki kumla wifi yangu. Nafasi yako ipo, mpenzi. Ipo tu, inakungoja."

Lile "mpenzi" ndilo lililomtoa Enid nje. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo wanawake hukutana barazani kwa Thora kusuka kofia. Akavaa gauni la kanisani, akaketi kwenye usukani, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akampigia Selwyn.

"Limekufa."

"Soma pale mbele yako pameandikwaje."

"Pameandikwa liko tayari. Linasema uongo. Silisikii."

"Ndivyo lilivyo, shemeji. Umeliwasha, halafu umelizima. Bonyeza mara moja, tia gia, kanyaga taratibu."

Akakanyaga jinsi alivyozoea kukanyaga lile la kijani, na gari likaruka kama mbuzi aliyetiwa pilipili, likapita katikati ya maua yake na kutokea barabarani. Hapakusikika kitu isipokuwa Enid mwenyewe, akisema maneno ambayo gauni la kanisani halikuyazoea.

Njiani hakuna aliyemwinulia mkono. Watu walikuwa jikoni na mashambani, wameinama, na hawakujua kwamba amepita. Aliumia kuliko alivyotarajia. Miaka yote ile alidhani wanamsalimu yeye. Kwenye kona ya chini akamkuta mzee mmoja wa kanisa, jina nalihifadhi, amesimama nyuma ya msonobari akipunguza chai ya asubuhi. Zamani angemsikia Ngurumo akiwa bado mlimani, akajipanga. Enid akamwinulia mkono kwa heshima zote. Mzee hakuwa na mkono wa kumjibu.

Mbele kidogo alilala ng'ombe katikati ya barabara. Ng'ombe hapa wana haki ya njia kuliko sisi tuliozaliwa nayo, lakini gari la kijani walikuwa wakilipisha, kwa hofu au kwa adabu. Huyu aliendelea kucheua. Enid akapiga honi, na ilitoka sauti ya mtumishi wa hoteli anayeuliza kama chai iletwe. Basi akashuka, akamnguruma ng'ombe yule kwa mdomo wake mwenyewe. Ng'ombe akanyanyuka. Enid akarudi kwenye gari amepona nusu.

Alikuwa amepanga kuingia kwa Thora kwa kishindo. Lakini kishindo kilibaki kwenye karakana ya Selwyn. Akasimama nje ya ua wa michongoma, vioo viko chini, na sauti za barazani zikamfikia wazi kama yuko kitini kati yao.

"Atakaa wapi sasa?" Beryl alikuwa akiuliza.

"Nyuma, kando ya mbwa," akasema Thora.

"Askofu anajamba."

"Ndiyo. Watazoeana."

"Mimi naona akae mbele," akasema Olive. "Ni mkubwa wetu."

"Nikimweka mbele atanifundisha kuendesha. Kaka yangu alikaa kando yake miaka arobaini, na unaona alipo."

Wakacheka. Enid akakishika kipini cha mlango. Maneno ya kuwaambia alikuwa nayo, yamepangwa, yanatosha baraza zima. Ndipo Thora akaendelea, kwa sauti ya chini zaidi.

"Nimeshamtandikia lile blanketi la bluu. Mgongo wake mbovu, na hatasema. Kiti kile kina chuma kinachotokeza."

Mkono wa Enid ukateremka. Ya mbwa angeyajibu. Blanketi lilikuwa jambo lingine. Maana yake walikwisha kumtia garini; kilichobaki ni mwili tu. Akaona heri aondoke kimya kimya, na kama kuna kitu gari lile lilikijua vizuri, ni kimya. Akatia rivasi.

Gari likaanza kuimba. Magari ya umeme yakirudi nyuma huimba, kumbe, na Selwyn hakumwambia. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, kama malaika aliyebanwa vidole mlangoni. Askofu akabweka. Thora akatokea getini na kofia nusu mkononi.

Wakatazamana.

"Uko hapo tangu lini?" Thora akauliza.

"Tangu kwenye mbwa."

 Thora akalizunguka gari, akalipiga teke gurudumu.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Halina sauti."

"Wewe unayo ya kutosha. Pandeni."

"Twende wapi?"

"Madukani. Kofia hazina miguu, tutazikuta."

Olive na Beryl walikuwa wameshaingia nyuma kabla Thora hajakataa, na Askofu yuko kati yao. Ikabaki mbele, kiti cha abiria. Thora akakiangalia kama mtu anayeonyeshwa kaburi ambalo halijapimwa vizuri. Hajawahi kubebwa tangu usichana wake. Akaketi, akajifunga mkanda, akashika kila kilichoshikika.

Na hapo Enid akagundua gharama yenyewe ya gari lile. Katika lile la kijani hakuna abiria aliyewahi kusikika. Walifumbua midomo kama samaki, naye akaendesha kwa amani. Sasa alisikia kila kitu. Alisikia Olive akinong'ona kwamba viti ni laini. Alimsikia Askofu, kwa bahati mbaya. Na kutoka kushoto kwake alisikia, bila kukatika, kama mtu anayesali rozari: "Polepole, Enid. Polepole, Enid. Polepole."

"Nani kakufundisha wimbo huo?"

"Parkin."

"Parkin hakusema hivyo hata siku moja."

"Alisema kila siku, wifi. Alikuja kwangu akilalamika. Anasema, namwambia polepole, na hanisikii, lile dude linanguruma. Miaka arobaini."

Enid akatazama mbele. Alikumbuka vizuri midomo ile ikicheza kando yake, kwenda kanisani, kwenda gatini, kurudi.

"Nilidhani anaimba," akasema.

 Magurudumu yalisikika juu ya lami, basi. Enid hakupunguza mwendo. Halafu, karibu na daraja, akapunguza, akasema ni kwa sababu ya ng'ombe. Wote wanne ndani waliona kwamba hapakuwa na ng'ombe, na hakuna aliyelisema, hata Thora.

Wiki ilipokwisha Enid akampigia Selwyn kumwambia kwamba lile la bluu halirudi, na kwamba la kijani alilete shambani, aling'oe viti. Siku hizi ndani yake wanalala kuku, kuku wa kweli, wanaotaga kwenye sakafu ile ile yenye tundu. Thora alitangaza kwamba kitabu cha simu kikichapwa upya jina la Ngurumo lifutwe, maana si haki. Enid akamjibu ajaribu. Limo mpaka leo.

Thora bado ana gari lake jeupe, bado anaendesha, asikudanganye mtu. Ila siku za mvua goti humsumbua, na mvua hapa si haba. Jumapili ya kwanza baada ya wiki ile ya majaribio ilinyesha, na Enid akasimamisha gari getini, akapiga ile honi ya mtumishi wa hoteli. Thora akatoka na blanketi la bluu kwapani. Hakwenda nalo upande wake. Akafungua mlango wa dereva, akasema, "Inuka," akalitandika kwenye kiti cha Enid, akalivuta kingo likanyooka, kisha akazunguka kwenda kupanda.

Enid akalikalia. Lilikuwa zuri, blanketi lenyewe. Hilo hakumwambia.