Bampa la Gari la Marehemu

Marehemu mume wangu alikuwa na gari jeupe, la chini, la kubeba abiria wanaoshuka gatini Kilindoni. Alilipenda. Usiku wa mvua alilifunika turubai lile gari kwanza, ndipo akaingia ndani kubadili nguo. Alipofariki nikasema haliuzwi. Likakaa ubavuni mwa nyumba, chini ya makuti, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Binti yangu wa mwisho ameolewa na mtu wa bara, mwalimu wa sekondari. Mpole, salamu yake haikosi, ila mikono yake haitulii. Siku moja alikuja, akaniamkia, akachuchumaa mbali kidogo, macho chini.

“Mama, naliomba lile gari.”

“Ulifanyie nini?”

“Nilinyanyue. Niweke springi ndefu na matairi makubwa yenye meno. Wikiendi tuwe tunakwenda nalo porini, kwenye mchanga na matope.”

“Lami ipo, wewe unakwenda kutafuta tope?”

“Ndiyo raha yenyewe, mama.”

Mimi raha hiyo siijui. Lakini aliposema mchanga nilimsikia vizuri. Dada yangu mkubwa anakaa huko juu, mbele ya kijiji cha Kanga, na miguu yake imevimba, hatoki tena. Mimi nina goti bovu. Gari za abiria zinakuacha barabarani, kutoka hapo ni mchanga mtupu mpaka kwake. Pikipiki zipo, sikatai, ila mimi sikai nyuma ya kijana nisiyemzaa nikamkumbatia kiuno. Marehemu aliwahi kujaribu kunipeleka kwa gari lake. Likazama mpaka tumbo, wanaume wakalivuta kwa kamba, naye akaapa harudi tena. Basi ikabaki simu. Na kila nikipiga, dada ananiambia, “Wewe utakuja kunizika tu.”

Nikamwambia mkwe wangu, “Chukua. Ila safari ya kwanza si ya raha yenu. Unanipeleka kwa dada yangu.”

“Sawa, mama.”

Akaja fundi wa kuchomelea. Cha kwanza wakang'oa bampa la mbele, wakasema litakuwa linachimba mchanga. Lilikuwa bampa la chuma, la zamani, lina bonyeo upande mmoja. Marehemu aliligonga ukutani kule gatini, akanuna juma zima. Fundi alitaka kulitupa kwenye vyuma chakavu. Nikalichukua nikalisukuma uvunguni mwa kitanda changu.

Binti yangu akacheka. “Mama, unalala na bampa?”

“Nimelala na mwenyewe miaka yote ile, litanishinda bampa?”

Walipoanza kukata madigadi ili matairi yaenee, niliingia jikoni, sikutaka kuona. Nilipotoka gari limesimama juu, kama mtu aliyekunja suruali avuke maji.

Jumamosi nikavaa kanga mpya. Nilimfungia dada mchele, sabuni na tambuu, maana tambuu haachi. Majirani wakatoka kutazama. Mkwe akafungua mlango. Sakafu ya gari imenifika kiunoni. Nikanyanyua mguu, goti likakataa. Nikajaribu mguu wa pili, ule ule mkasa.

“Mwalimu, si umbebe mama mkwe wako!” jirani akapiga kelele. “Gari umelipandisha mwenyewe!”

Mkwe akarudi nyuma kama ameona nyoka. “Jamani, kwetu mama mkwe hata mkono hapewi.”

“Na kwetu habebwi,” nikasema. “Atakayenigusa nakwenda Kanga kwa miguu.”

Binti yangu ni mjamzito, hawezi kuninyanyua. Akaniletea mbuzi ya kukunia nazi nikanyage. Nikaikanyaga, ikapinduka, nikakaa mchangani na kanga yangu mpya. Wengine walijizuia wasicheke. Jirani yule hakujizuia.

“Funga mlango,” nikamwambia mkwe. “Hakuna safari.”

Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Simu ikalia. Dada.

“Mmefika wapi?”

Nikashindwa kumwambia. “Tunakuja,” nikasema.

Nikaweka simu. Niliporudisha miguu nyuma, kisigino kikagonga chuma. Nikainama nikalivuta lile bampa, vumbi na yote, nikalikokota mpaka mlangoni.

“Mpelekee fundi,” nikamwambia mkwe. “Alikate, alichomelee chini ya mlango nipate pa kukanyaga.”

Akalitazama. “Mama, hili si la baba?”

“Baba alilifanyia kazi ya kugonga kuta. Kukanyagwa ni afadhali. Peleka.”

Fundi akatuma kuuliza kama anyooshe bonyeo. Nikasema aliache, hapo ndipo mguu hautateleza.

Alasiri tukaondoka. Nilikanyaga bampa, nikashika mlango, nikapanda mwenyewe, na jirani nikampungia mkono. Lami ikaisha. Mkwe akashuka akapunguza upepo kwenye matairi yasizame, tukaingia mchangani. Pale marehemu alipozama napajua, pana mnazi uliopinda. Gari likayumba, likanguruma, nikashika kiti. Likapita. Nikamwona mkwe anatabasamu na kioo cha mbele.

Dada alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Amekonda, sauti ni ile ile.

“Gari gani hilo? La kuangulia nazi?”

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Shuka basi, au unangoja ngazi?”

“Ngazi ninayo,” nikamwambia, nikashusha mguu kwenye bampa.