Dada Niliyepewa Nimlee

Nilipoolewa na mwalimu wa shule ya msingi na kuhamia naye karibu na Homa Bay, nilikuwa mgeni kabisa. Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori. Kijaluo sikukijua hata cha kuombea maji. Uhuru tulikuwa tumeupata juzijuzi tu. Kanisani, kina mama waliookoka walikuwa na utaratibu wao: kila mmoja hupewa dada aliyeokoka karibuni, amwombee na kumlea kiroho mpaka imani ya dada huyo ikomae. Mimi wakanipa mjane mmoja, kwa sababu tu aliwahi kuuza samaki sokoni Migori na Kiswahili alikiweza.

Jamani, mama yule angeweza kunizaa! Nimlee nini? Lakini kwa waliookoka sote ni dada, basi akaniita dada. Mimi ulimi ulikataa, nikawa namwita mama. Tulikutana kwake baada ya kuteka maji, tukasoma Neno, tukaomba, kisha akanipa uji na kunicheka jinsi nilivyotamka Kijaluo.

Ombi letu kubwa lilikuwa moja: asirithiwe. Mumewe alikuwa amefariki, na ukoo ulitaka shemeji yake aingie nyumbani awe mume wake, kama ilivyo desturi. Yeye akasema hapana, yeye ni wa Yesu sasa. Kina mama walipiga vigelegele! Kila Alhamisi tukawa tunamwombea asimame imara. Na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimetukausha vibaya, tuliomba na mvua humo humo.

Mvua ikaja. Wee, ilinyesha! Nilikwenda kwake nikiimba, nikamkuta ameketi mlangoni, jembe limeegemea ukuta. Wake wa wanawe wawili walisimama uani na mbegu kwenye vibuyu. Walinitazama tu.

"Mama, mbona hampandi?"

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi. Kwa Wajaluo, mama mwenye boma ndiye hutangulia kutia mbegu ardhini. Wake wa wanawe hawamtangulii hata kwa punje. Na mjane hapandi kabla hajarithiwa. Akivunja mwiko huo, watu husema chira itaingia bomani, ule ugonjwa wa kukondesha mtu mpaka afe, na watoto ndio huanza.

"Wewe panda tu," nikamwambia. "Damu ya Yesu inatosha."

"Kwangu inatosha. Ningepanda jana. Lakini hawa wasichana hawajaokoka. Nikipanda hivi hivi, wataogopa kupanda nyuma yangu. Nisipopanda, pia hawapandi. Mvua ikipita, wajukuu wangu watakula nini? Sasa niambie, dada, Mungu anataka nini?"

Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani: ukoo, wale wasichana, au mvua yenyewe. Si sisi tulioiomba? Nikakimbilia kwa kina mama. Mmoja akasema hayo ni majaribu. Mwingine akasema ampe Mungu muda, utadhani msimu nao ungesubiri. Mkubwa wetu akaamuru tufunge. Tukafunga, huku majirani wote wakipanda.

Jumapili hakuonekana kanisani. Jumatatu asubuhi nikamkuta shambani anafukia mahindi, wakwe zake nyuma yake, watoto wanachezea matope. Ndani ya nyumba yake, kwenye msumari, lilitundikwa koti la shemeji yake. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mjane mwingine hurithiwa kwa koti tu, lilale humo usiku mmoja, desturi iishe. Nikasimama pale nikilitazama kama mjinga.

Akaingia nyuma yangu, mikono ina udongo. "Usiniulize kama ni koti tu au na mwenye koti," akasema. "Niombee. Ila usiniombee kama maiti."

Kanisa nalo halikuuliza. Mchungaji alimtenga na Meza ya Bwana, akawekwa benchi la nyuma. Kina mama wakaniambia nimwache, nitapewa dada mwingine. Ati mwingine! Nilikataa, nikaenda kukaa naye huko nyuma. Niliendelea kumwomba Mungu aikomaze imani yake, na kila nikifika hapo nilikwama. Sikujua kama nilikuwa nimeiona ikianguka au ikikomaa. Ilinitesa sana, na mume wangu akachoka kunisikia.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, boma lake lilileta gunia zima la mahindi. Wazee walilipokea kwa furaha, wakalibeba mpaka mbele, wakalisimamisha ubavuni mwa meza ile ile asiyoruhusiwa kuisogelea. Mchungaji akanyoosha mikono juu yake, akafumba macho.

"Bwana, ibariki mikono iliyopanda."

"Amina!" akasema mama kando yangu, kwa sauti, kabla ya kanisa zima.