Mkono wa Bibi Kwenye Mbio za Skii

Landani nzima hakuna anayenipata mie kwa skii, bisheni!

Leo fainali ya mashule. Theluji hakuna, tunateleza kwa skii za magurudumu, vile vibao virefu vya miguuni, tunapokezana kwa kugusana. Msimu mzima tumeililia siku hii.

Naongoza! Nimguse mwenzangu Yusufu tu, yeye amalizie.

Pembeni namwona bibi yangu. Nikamwendea kwa madaha, watu waone.

"Shikamoo bibi!" Nikambusu mkono.

"Niguse mie, mjinga wee!" Yusufu analia, wapinzani wanampita.

Tumekuwa wa mwisho. (Chekeni tu.)

Kocha akaja juu. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi ndiye aliyenivuta.

Timu nzima ikamgeukia bibi. Kiingereza hakijui, akawatabasamia, akaitikia kwa kichwa.

Jamani, hakunivuta.