Siku Niliyoonekana Nikiongea Peke Yangu Kivukoni

Mpaka leo nikitaka kuvuka mto kwenda ng'ambo ya Alunguli nachagua saa ambayo pale kivukoni watu ni wachache, na sababu si jua kali kama ninavyowadanganya wenzangu kazini, sababu ni aibu, na kwa kuwa mji wetu wa Kindu mzima unaijua habari hii kila mtu kwa namna yake, afadhali niwasimulie mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa materneli, wale watoto wa miaka mitatu mpaka mitano (ndiyo, mwanaume mzima, nimeshazoea kuchekwa). Siku moja Feza, binti aliyesomea kazi ya kamera Kisangani, alikuja shuleni kutafuta mtu wa kucheza katika vipindi vya televisheni vya watoto wadogo. Alinieleza kwamba mwalimu wa kipindi atakuwa mtu wa kweli na mahali patakuwa pa kweli, stesheni, sokoni, mtoni, lakini rafiki yake mwalimu atakuwa kakakuona wa kuchorwa, jina lake Magamba, mwoga ajabu, akishtuka kidogo anajikunja kama mpira, na kazi ya mwalimu ni kumtoa uoga polepole huku wakihesabu vitu pamoja. Sasa huyo Magamba anachorwa baadaye kwenye kompyuta. Siku ya kupiga picha hayupo. Unaongea na hewa, unacheka na hewa, na uso wako lazima uonyeshe kwamba unamwona.

Nilikubali hapo hapo, na hapo hapo nikaamua jambo dogo ambalo ndilo lililoniponza: nisimwambie Mama Mukubwa. Mama Mukubwa Zaina ni dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea na mpaka sasa naishi kwake, na nilitaka siku ya kipindi tukae naye mbele ya televisheni, mimi nimenyamaza kimya, aone mwenyewe ni nani anayetokea. Basi. Sikuwa na nia nyingine.

Hapa lazima nirudi nyuma, maana bila hivyo mtamdhania mama wa watu kuwa ni mtu wa kukurupuka. Wakati wa vita, treni zilipoacha kuja na mji ukawa umefungwa pande zote, tulikimbia kupitia pori la upande wa Punia, mimi nikiwa na miaka sita, na mdogo wangu Musa ana minne. Musa alishikwa na homa njiani, akabaki kule. Tuliporudi nyumbani nilikataa kabisa kusema na watu, lakini nilikuwa naenda nyuma ya nyumba, nakaa kwenye kona, nasema na Musa, namgawia muhogo wangu, namwambia askari wameshaondoka, atoke. Mama Mukubwa alikuwa ananisikia, anaenda kulilia jikoni. Kisha siku moja niliacha tu, mwenyewe, na tangu hapo kwetu jina la Musa halikutajwa tena.

Sasa fikirini mtu huyo huyo, ameshapita miaka thelathini, amesimamisha ufagio ukutani uani (Feza aliniambia nitafute kitu cha kimo cha Magamba ili macho yasitangetange), anauambia kwa sauti ya upole: "Toka, usiogope. Wameshaenda. Tuko wawili tu." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi, Magamba alikuwa amewakimbia mbwa. Nawaapia sikukumbuka chochote cha zamani. Nilikuwa nafikiria sauti yangu tu.

Aliyenisikia ni jirani yetu Papa Assani, mstaafu wa reli, mtu asiye na mengi ya kufanya mchana. Alisikiliza kwenye ua, akaenda kumweleza Mama Mukubwa, naye siku iliyofuata akaacha biashara yake ya mchele akarudi mapema, akajibanza, akasikia kwa masikio yake. Hakuniuliza kitu. Alianza tu kunipa kipande kikubwa cha samaki na kunitolea miba kama mtoto, akawa ananiuliza kama nililala vizuri, na nikishika kisu nimenye ndizi ananipokonya taratibu. Na mimi, mpumbavu, nikaamini ameshapata habari za televisheni na anafurahi kimyakimya, kwa hiyo nikajifanya sijui kwamba anajua, nikawa nafanya mazoezi kwa sauti kubwa zaidi ili naye afaidi.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, kivukoni. Feza alificha kamera mbali kidogo, nyuma ya magunia ya mchele wa Kibombo, ili watu wasije wakaikodolea macho, akaniambia betri ni moja tu, kwa hiyo litokee litakalotokea nisikatize. Nilivaa tai. Nikachuchumaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa, nikaanza kumhesabia Magamba mitumbwi inayovuka: moja, mbili, unauona ule wa tatu? Wamama wenye vikapu wakaanza kunizunguka kwa mbali. Mmoja alisimama, akaniangalia kwa huruma, akaweka ndizi mbili karibu na kiatu changu, akaenda zake. Nikaendelea.

Kisha zikafika pikipiki tatu kwa mpigo, na juu yake Papa Assani, wajomba zangu wawili, na Mama Mukubwa ambaye maishani mwangu sikuwahi kumwona amepanda pikipiki. Kumbe mtu mmoja wa kivukoni anayetufahamu alikuwa ameshawapigia simu. Wajomba walinishika mikono, huyu huku na huyu huku, na mimi badala ya kusimamisha kila kitu na kujieleza nikaifikiria ile betri moja, nikaugeukia ule mtumbwi nikasema kwa sauti ya kipindi: "Usiogope, Magamba, hawa ni watu wetu, hawatakufanya kitu."

Hapo Mama Mukubwa alipiga magoti kwenye tope, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mutoto yangu," akasema, "Musa alikufa. Hayuko hapa. Alikufa kule pori, na miye njo nilimuzika. Muache apumuzike, na weye upumuzike."

Jina lile lilikuwa halijaingia masikioni mwangu tangu utoto, na machozi yakanitoka bila ruhusa yangu, jambo ambalo kwa wajomba lilikuwa ni uthibitisho kamili. Nikasema, "Mama, iko kamera," nikaonyesha magunia kwa kidole. Lakini Feza alipoona watu wanakuja mbio alidhani wanakuja kumpiga kwa kuwapiga picha bila ruhusa, akafunika kamera kwa kitenge akajilaza chini, kwa hiyo kilichoonekana kule ni magunia ya mchele. Mjomba mkubwa aliniitikia kwa upole sana. "Ndiyo, iko kamera," akasema. "Tutaiona yote nyumbani."

Wakanipakiza kati ya dereva na mjomba, tai inapepea, tukapita katikati ya mtaa wa Kasuku saa ambayo wazazi wote wa wanafunzi wangu wako sokoni. Mtoto mmoja wa darasa langu aliniita kwa furaha, mama yake akamfunika macho.

Feza alitufuata na kompyuta yake, akaanza kuomba msamaha tangu mlangoni. Ua ulikuwa umejaa majirani. Aliweka kompyuta juu ya kinu, akaonyesha kipindi cha kwanza tulichopiga stesheni kabla ya wiki ile, mimi nimekaa sakafuni, na kando yangu kakakuona wa kuchorwa, macho makubwa, anachomoza pua kidogo kidogo. Watoto wa majirani walicheka, wajomba wakatazama miguu yao, na Papa Assani akakumbuka ana kazi kwake. Mama Mukubwa aliomba arudishiwe mwanzo. Akaomba tena. Mara ya tatu ndipo akanigeukia.

"Uliniacha wiki nzima nikulilie," akasema.

Nilichukua maji nikamsafisha tope la magotini.

Watu walipotawanyika aliniuliza, polepole, kama nakumbuka kwamba Musa alikuwa anaogopa kuku. Nilikumbuka. Nikamkumbusha namna alivyokuwa anapanda juu ya kiti jogoo akipita, na tukazungumza habari zake mpaka adhana ya magharibi, tukalia, tukacheka pia, mambo ambayo miaka yote ile kila mmoja wetu alikuwa anaogopa kuyafanya mbele ya mwenzake.

Jumatatu nusu ya wanafunzi wangu hawakuja, ikabidi mkuu wa shule awaite wazazi na Feza alete tena kompyuta, na hata hivyo wako wanaonisalimia mpaka sasa kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa. Nimestahili. Nimeapa sitamficha tena jambo la furaha mtu ambaye anajua machungu yangu, maana yeye asipoambiwa la heri, atawaza lile alilowahi kuliona. Siku hizi kukiwa na kazi natangaza mtaa mzima, na Mama Mukubwa anakuja na kigoda chake, anakaa kando ya kamera, na mtu akisimama kunishangaa, yeye ndiye anayemjibu.

"Pita tu, mama," anamwambia. "Hana wazimu. Hii njo kazi yake."

Halafu ananipungia mkono niendelee.